Kilio cha Nyuma ya Mlango

Wazee wangu, mama zangu, vijana, salaam aleikum, na Tumsifu Yesu Kristo.

Jana usiku tuliachana tukiwa tunabishana hadi barabarani. Nimefarijika kuwaona mmerudi, hata mzee wetu aliyetoka kabla hukumu haijakwisha.

Kwa waliokosa: tulitazama mchezo wa Shakespeare ambao wengi tunaujua kwa jina la Mabepari wa Venisi. Ni ule uliorekodiwa kwa televisheni ya Uingereza mwaka 1973, Laurence Olivier akiwa Shylock, Myahudi mkopeshaji fedha, na Joan Plowright akiwa Portia. Ulianzia jukwaani London mwaka 1970 chini ya Jonathan Miller, kisha John Sichel akauongoza mbele ya kamera. Hadithi ni ya miaka ya 1590, lakini Miller aliihamishia karne ya 19. Wanaume wamevaa makoti meusi na kofia ndefu, kama wenye benki.

Ugomvi wa kwanza ulianzia hapo hapo, kwenye makoti. Mwalimu mmoja alilalamika kwamba alisoma kitabu hiki shuleni, na Venisi aliyoijenga kichwani ilikuwa ya majoho na mashua. Jana akaona wameiharibu. Mwalimu, naomba tukumbuke tafsiri uliyoisoma ni ya nani. Mwalimu Nyerere aliitoa mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Kwa Kiingereza jina la mchezo linamtaja mfanyabiashara mmoja tu, na huyo ni Antonio. Nyerere akaandika mabepari, kwa wingi. Kwa neno hilo alimweka Antonio na Shylock kwenye benchi moja. Miller naye, bila kujua Kiswahili, aliwavika wote wawili koti la aina moja. Mimi nilipoona wamekaa ofisini wakiandikiana hati, nilisema moyoni: hawa ndio mabepari wa Nyerere, hatimaye nawaona kwa macho.

Ugomvi wa pili ulikuwa wa kwetu kabisa. Kijana wa Tandahimba alisimama akasema, "Huyu Shylock ni mtu wa kangomba." Ukumbi ukalipuka. Hakuna familia hapa isiyoijua kangomba. Salfa ya kupulizia mikorosho inatakiwa, ada inatakiwa, mtoto anaumwa, na msimu wa korosho bado miezi. Unachukua pesa leo, na korosho zikiiva unampelekea mwenye pesa kwa bei ambayo ukiilinganisha na ya mnada unaweza kulia. Ninajua ninachosema. Shamba la marehemu baba yangu lilivunwa misimu miwili kwa ajili ya mtu mwingine, sisi watoto tukiokota.

Kwa hiyo kijana simlaumu. Lakini nilimwomba atazame tena lile tukio la mahakama. Bassanio, rafiki ambaye Antonio alikopa kwa ajili yake, anakuja na dukati 6,000 kulipa deni la 3,000. Mtu wa kangomba angezipokea, akashukuru, akaenda zake, maana anachotaka ni faida. Shylock anazikataa. Anataka ratili ya nyama ya mwili wa Antonio, kama walivyoandikiana, kitu kisichouzika popote. Pale biashara imeshakufa, na tunachokiona ni mtu aliyetemewa mate hadharani, halafu yule yule aliyemtemea akaja kumkopa, halafu binti yake akaondoka usiku na mali ya nyumba. (Kuhusu binti huyo, Jessica, sitasema mengi. Wasichana wa mstari wa mbele walimtetea vizuri kuliko ningeweza.)

Mzee wetu alikuwa na hoja nzito zaidi. Riba ni haramu, alisema, na mla riba hana wa kumlilia. Akashikilia hivyo saa nzima. Kisha Antonio akatoa sharti lake: Shylock abadili dini. Mzee akainuka, akachukua kofia yake, na pale mlangoni akaniambia maneno ambayo ameniruhusu niyarudie: "Mali wachukue. Dini yake wanaitakia nini?" Akaenda. Nimesoma wahakiki wengi juu ya tukio lile, na sijakuta aliyelisema kwa ufupi namna hiyo.

Sasa uigizaji, maana hapo ndipo tulipogawanyika nusu kwa nusu. Wengi walisema Olivier anazidisha. Wakataja ule mchezo mdogo wa miguu anaoucheza akisikia meli ya Antonio imepotea. Hapo nakubaliana nao. Hatua zile zilitengenezwa kwa ukumbi, ili hata aliyekaa nyuma kabisa azione, na kamera ikizisogelea zinakuwa kubwa mno.

Ila kilio sikubali. Shylock ameshindwa, ametoka, mlango umefungwa, sisi tumebaki chumbani na walioshinda. Ndipo sauti inapotoka huko nje. Baadhi yenu mlisema ni ya mnyama, si ya mtu, na mlicheka kwa kushtuka.

Mama aliyetuandalia chai hakuwa ukumbini. Alikuwa uani na birika, hakuona picha hata moja, wala hakujua mchezo unahusu nini. Sauti ile ilipotoka aliiacha birika, akaja mlangoni akauliza, "Nani kafiwa?"

Hilo swali limenikosesha usingizi. Mchezo wenyewe unakwisha kwa Jessica akiwa peke yake na hati ya urithi mkononi, na tunasikia Kaddish, sala ambayo Wayahudi huisoma kuwaombolezea wafu wao. Jukwaani hakuna aliyekufa. Nani kafiwa, basi? Mama yule aliuliza robo saa na zaidi kabla waigizaji hawajajibu.

Sisi wa umri wangu hatukukua na televisheni. Huku Tanzania Bara ilitufikia miaka ya 1990. Tulikua na redio, tukijifunza kumjua mtu kwa sauti kabla ya sura. Kwa hiyo leo naomba tufanye kama yeye. Kijana wa mitambo atafunika projekta kwa kitambaa, atatuwekea dakika kumi za mwisho za mahakama, sauti tupu. Mama, njoo ukae hapa mbele. Taa, tafadhali.