Jinsi ya kurekodi pointi na mapigo ya mechi ya tenisi kwa simu

Karibuni. Mtoto wako akitoka uwanjani kafungwa 6-3, 6-4, namba hizo zinakuambia kashindwa, lakini hazisemi kashindwaje. Huenda sevu ya pili, yaani jaribio la pili la kuanzisha pointi, ndiyo iliyomponza, huenda ni bekihendi, pigo la mgongo wa mkono, au mpinzani alikuwa bora tu siku hiyo. Leo nakuonyesha namna ya kunasa kila pointi, pamoja na pigo lililoimaliza, kwa simu uliyonayo. Tutatumia ile programu ya kawaida ya kuandikia kumbukumbu. Programu maalumu za tenisi zipo, ila nyingi zina vitufe vingi, na ukihangaika na vitufe unaacha kutazama mechi.

Kwanza andaa simu. Iweke katika hali ya ndege, maana ikiita katikati ya pointi mbili kubwa umeshapoteza hesabu. Ingia kwenye mipangilio ya kibodi, zima usahihishaji wa maneno na zima herufi kubwa zinazojiweka zenyewe. Usipofanya hivyo simu itageuza alama zako kuwa maneno ya ajabu. Hapo hapo washa safu ya namba ikae juu ya herufi. Ongeza mwanga wa skrini, jaza chaji, kisha tafuta pa kukaa nyuma ya uwanja, si pembeni, ili uone vizuri mpira unaangukia wapi.

Sasa tazama skrini yangu. Mstari mmoja ni gemu moja. Wachezaji wetu wa mfano ni Asha na Jane, yaani a na j. Naanza na herufi ya anayeseva, naacha nafasi, kisha naandika pointi moja moja.

Kila pointi inaanza na namba: 1 kama sevu ya kwanza imeingia, 2 kama ni ya pili. Zikikosa zote mbili naandika 0, na pointi hiyo imekwisha. Inafuata herufi ya aliyepiga pigo la mwisho, halafu pigo lenyewe: f fohendi (pigo la upande wa kiganja), b bekihendi, v voli (mpira kabla haujadunda), s smashi (pigo kali la juu ya kichwa), e sevu isiyoguswa. Mwisho kabisa, mpira uliishiaje: k kama ni pigo kali lililomshinda mpinzani, n kama umekwama kwenye neti, p umetoka pembeni, r umekuwa mrefu.

Gemu la kwanza hili hapa:

a 1afk 2jbnz 0 1jfr 1aek ga

Tusome pamoja. Fohendi kali ya Asha, 15-0. Bekihendi ya Jane kwenye neti, 30-0. Asha kakosa sevu zote mbili, 30-15. Fohendi ya Jane ikawa ndefu, 40-15. Sevu isiyoguswa, gemu la Asha, ndiyo hiyo ga. Unaona sijaandika matokeo popote? Mapigo yenyewe yanayabeba. Wakifika diusi, yaani 40-40, mstari unarefuka tu. Sevu ikigusa neti ikaingia, inarudiwa, kwa hiyo usiandike kitu.

Umeiona ile z kwenye pointi ya pili? Ni z ya zawadi: kosa ambalo mchezaji hakulazimishwa kulifanya. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu rekodi. Jiulize maswali mawili: alifika kwenye mpira mapema? Alikuwa amesimama sawasawa? Majibu yote yakiwa ndiyo, weka z. Kama alikuwa anakimbia na mkono umenyooka hadi mwisho, hapana, sifa ni ya mpinzani. Mimi nashauri uwe bahili wa z. Mtoto akirushiwa lawama za mipira ambayo hata mtu mzima asingeirudisha, ataacha kuikimbilia. Na anayeanza kurekodi amalize mechi yeye mwenyewe, kwa sababu macho mawili tofauti hayapimi kosa kwa kipimo kimoja.

Muda unatosha? Kanuni zinaruhusu hadi sekunde 25 kati ya pointi na pointi. Herufi tatu au nne hazikuchukui hata tano. Usiandike mpira ukiwa unachezwa. Tazama hadi mwisho, ndipo uiname.

Ukipitwa na pointi, weka herufi ya aliyeipata na x, mfano jx, uendelee. Na utajuaje kama umepitwa? Mtazame anayeseva. Pointi za gemu zikiwa shufwa, anasimama kulia. Zikiwa witiri, kushoto. Kama yuko kushoto nawe una pointi nne, kuna moja imekuponyoka. Hakiki hivi kila mara, usitegemee ubao. Kwenye mashindano ya Wimbledon mwaka 2010, wachezaji Isner na Mahut walicheza saa 11 na dakika 5 kwa siku tatu, na ubao wa kielektroniki ukakwama kwenye gemu 47-47 za seti ya mwisho huku wao wakiendelea hadi 70-68.

Kwenye taibreki, gemu la kuamua seti iliyofungana, sevu zinabadilishana: wa kwanza anaseva moja, kisha kila mmoja mbili mbili. Anza mstari mpya kila anayeseva akibadilika.

Jambo moja la heshima. Mechi nyingi za vijana hazina mwamuzi wa kiti. Wachezaji wenyewe ndio wanaotangaza. Hata kama simu yako inasema 30-15 nao wanasema 15-30, nyamaza. Na mtoto asioneshwe skrini mechi ikiendelea.

Mechi ikiisha, chukua mistari inayoanza na a peke yake. Hesabu pointi zote, kisha zinazoanza na 1. Kama pointi ni 60 na zenye 1 ni 36, sevu ya kwanza imeingia kwa asilimia 60. Halafu angalia zenye 2, Asha kapata ngapi. Hata wachezaji wa kulipwa hupata pointi chache zaidi kwa sevu ya pili, kwa hiyo pengo lisikushtue. Angalia ukubwa wake.

Kisha rudi kwenye mistari yote, ya a na ya j, utumie kitufe cha kutafuta. Andika abnz, hizo ni zawadi za bekihendi ya Asha zilizokwama kwenye neti. Andika afrz, hizo ni fohendi ndefu. Ipi imejirudia zaidi? Nakili ukurasa mzima, juu yake andika tarehe na aina ya uwanja, umtumie kocha kabla ya mazoezi yanayofuata.