Whitechapel hadi Brick Lane: chagua siku kwanza, tumbo baadaye

Haya jamani, wapendwa wangu wa Dar, Mombasa, Unguja, Bujumbura, Bukavu, na nyie wa Maskati msijifiche. Shikamooni wakubwa, vijana habari za huko. Leo kamera iko mashariki ya London, Whitechapel, na hizi meza mnazoziona nyuma yangu ndilo soko lenyewe. Lile jengo kubwa ng'ambo ya barabara ni hospitali ya Royal London. Tutaanzia hapa, tushuke mpaka bustani ya Altab Ali, tukate kulia, tupande Brick Lane yote mpaka kwenye maduka ya beigel, mkate wa Kiyahudi wenye tundu katikati. Kwa mguu si mbali. Kinachowachosha wageni ni kuja siku isiyo yake.

Kwa hiyo tuanze na kalenda, na tafadhali andikeni. Soko la Whitechapel lipo Jumatatu mpaka Jumamosi. Jumapili utakuta lami tupu. Petticoat Lane, lile la nguo upande wa Aldgate, ni kinyume chake: Jumamosi limefungwa, Jumapili ndiyo siku yake kubwa, na siku za kazi meza hubaki kwenye mtaa wa Wentworth Street. Brick Lane inachangamka wikiendi, hasa Jumapili, na soko la maua la Columbia Road ni Jumapili tu, asubuhi mpaka mapema alasiri. Huu si mpangilio wa ovyo. Wayahudi waliofanya biashara hapa walikuwa wakifunga Jumamosi, siku yao ya Sabato, wakafungua Jumapili wakati London nyingine imelala. Waliohamia baadaye wakarithi meza na kalenda pamoja. Hivyo ukitaka vyakula vya kupika nyumbani na vitenge siku moja, njoo siku ya kazi. Ukitaka vurugu, mitumba na chakula cha kula umesimama, njoo Jumapili. Ijumaa kati ya saa saba na saa nane mchana barabara hujaa watu wa swala, maana Msikiti wa East London uko hapa hapa. Anayetaka kuswali afike mapema, anayetaka kununua mboga asubiri.

Usafiri ni rahisi. Tangu Mei 2022 njia ya treni ya Elizabeth Line inapita Whitechapel, na treni zake za uwanja wa ndege wa Heathrow zinakuleta hapa moja kwa moja, dakika kama 40. Ni ghali kuliko Piccadilly Line, njia nyingine ya treni ya kutoka Heathrow, lakini hubadilishi treni na mabegi. Unagusa kadi yako ya benki au simu kwenye geti. Wageni wengi hukosea hapa: wanaingia kwa kadi, wanatoka kwa simu. Hata kama ni akaunti moja, mashine inaona watu wawili ambao hawakumaliza safari, na kila mmoja anakatwa nauli ya juu kabisa. Gusa kwa kitu kile kile kuingia na kutoka, na kila mtu awe na cha kwake, msichangie kadi moja. Basi halipokei pesa taslimu tangu 2014, kwa hiyo usimsumbue dereva na noti.

Sasa soko. Matunda na mboga nyingi huuzwa kwa bakuli. Mnaona hizo bakuli za chuma zimepangwa? Kila moja ina bei yake, mara nyingi paundi moja au mbili, na unachokiona ndicho unachochukua. Usiingize mkono ukaanza kuminya maembe kama uko Buguruni au Marikiti, muuzaji atakufokea. Mwombe yeye akugeuzie bakuli uone ya chini, kwa sababu juu hupangwa mazuri na chini ndiko yanakojificha yaliyoiva kupita kiasi. Akikubali, safi. Akikataa, meza ya pili ina vile vile. Ikikaribia saa kumi na moja jioni bei hushuka, maana hakuna anayetaka kurudi na matikiti kwenye gari. Usitegemee tu kupata ulichopanga.

Kwa macho ya Mswahili, nusu ya hizi mboga hazihitaji kutambulishwa: bamia, karela, mumunye, magimbi, fenesi, mchicha mwekundu. Tofauti ni kwamba waliozileta ni Wabangladeshi, na wengi wao asili yao ni eneo moja, Sylhet. Mababu zao walikuwa mabaharia, wale wa kutia makaa kwenye matanuri ya meli za mvuke za Waingereza. Wengine waliteremka bandarini hapa mashariki ya London na hawakurudi melini. Familia zilifuata kwa wingi miaka ya 1970.

Kama utanunua kitu kimoja usichokijua, nunua shatkora. Ni hili hapa, kama limau kubwa lenye ngozi ya mikunjo, la kijani. Watu wa Sylhet hulipika na nyama ya ng'ombe, na kinachotakiwa ni ganda lake nene, si maji yake. Unakata vipande vyembamba pamoja na ile nyama nyeupe ya ganda, unatupa sehemu kubwa ya ndani yenye maji makali. Kwa kilo moja ya nyama robo ya tunda inatosha. Vitie nyama ikishaiva, dakika kama kumi na tano za mwisho. Ukivitia mwanzoni pamoja na vitunguu, au ukizidisha, mchuzi wote unageuka mchungu na hakuna tui litakalouokoa. Ukikosa mbichi, maduka yana yaliyogandishwa, yameshakatwa.

Samaki wapo, wengi wamegandishwa: ilish, wa baharini anayepanda mito, na rui na pabda, wa maji baridi. Ilish ni mtamu ila ana miba kama sindano, usimpe mtoto. Dukani wanakukatia kwa msumeno akiwa bado jiwe, waambie tu unene unaotaka.

Tukishuka na Whitechapel Road kama dakika kumi, mkono wa kushoto ni bustani ya Altab Ali. Palikuwa na kanisa jeupe, St Mary, ambalo ndilo lililoupa mtaa jina. Lile la mwisho kujengwa hapo lilipigwa mabomu mwaka 1940. Altab Ali alikuwa kijana wa Kibangladeshi, fundi wa kiwanda cha nguo, aliyeuawa na wabaguzi karibu na hapa tarehe 4 Mei 1978. Siku kumi baadaye maelfu waliandamana nyuma ya jeneza lake mpaka Downing Street, kwa Waziri Mkuu. Hizi nguzo nyeupe kwenye kona ni Shaheed Minar, mfano wa ile ya Dhaka, ukumbusho wa waliouawa tarehe 21 Februari 1952 wakidai lugha yao ya Kibangla. Tarehe hiyo sasa ni Siku ya Kimataifa ya Lugha Mama. Sisi wa Kiswahili tulipewa yetu, 7 Julai, UNESCO ilipoitangaza mwaka 2021, na hatukumwaga damu kuipata. Simameni hapa dakika mbili kabla ya kuendelea na kula.

Kina mama, Wentworth Street. Kabla hatujapanda Brick Lane tunakata kushoto, kwa sababu maduka ya vitenge ya hapa yanajulikana Afrika Magharibi nzima: wax, yaani kitenge kinachochapwa kwa nta, lesi, vilemba. Kitenge huuzwa kipande cha yadi 6, kama mita tano na nusu. Wengine wana nusu yake. Khanga usitafute, hapa soko ni la Wanaijeria na Waghana. Namna ya kukagua ni hii. Fungua kitambaa, usikubali kuonyeshwa kikiwa kimekunjwa. Geuza upande wa pili: wax ya kweli rangi imeingia pande zote mbili, huwezi kujua mbele ni ipi. Cha kuiga kina upande mmoja uliopauka. Kisha soma ukingoni, panapochapwa jina la kiwanda. Maandishi peke yake si ushahidi, yanaigwa pia, lakini yakiwa na herufi zilizokosewa, kirudishe. Tafuta na nyufa ndogo ndogo za rangi ndani ya maua, zile alama za nta iliyovunjika. Zikijirudia sawasawa kila baada ya shibiri mbili, umeshikilia picha ya wax, si wax. Bei hupungua ukichukua vipande vitatu na kuendelea. Kimoja hawakupunguzii, mtapoteza muda.

Haya, Brick Lane. Angalieni kona hii ya Fournier Street, jengo la matofali lenye saa ya jua juu ukutani, imeandikwa 1743. Lilijengwa kuwa kanisa la Waprotestanti wa Kifaransa, Wahuguenoti, waliokimbia baada ya mfalme wa Ufaransa Louis wa 14 kufuta haki zao mwaka 1685. Likaja kuwa kanisa la Wamethodisti, mwaka 1898 likawa sinagogi, na tangu 1976 ni msikiti, Jamme Masjid. Kuta ni zile zile. Nyumba za Fournier Street zina madirisha mapana juu kabisa, darini, kwa sababu wafumaji wa hariri walihitaji mwanga wa kutosha kwenye vitanda vyao vya kufumia. Leo nyumba hizo ni za matajiri, msizitolee macho mlangoni.

Kuna vijiduka vinavyouza tambuu, na watu wa Mombasa na Unguja mtajisikia nyumbani: popoo, katu, chokaa, vyote vipo. Jani hukunjwa mbele yako. Sema mapema kama hutaki tumbaku, wengine huiweka bila kuuliza. Ila na popoo yenyewe, hata bila tumbaku, imewekwa na Shirika la Afya Duniani kwenye orodha ya vinavyosababisha saratani. Na msiteme mate barabarani, hapa ni faini.

Sasa wapiga debe. Ndiyo, na London wapo. Wanasimama mlangoni mwa migahawa ya kari: karibu bosi, asilimia ishirini punguzo, kinywaji bure. Maoni yangu mimi: punguzo linalotangazwa barabarani limeshaongezwa kwenye menyu. Ukiamua kuingia, uliza mambo mawili kabla hujakaa: punguzo ni la bili nzima au la chakula kikuu tu, na je, wanaongeza chaji ya huduma? Mara nyingi ni asilimia 12.5, na ikiandikwa ni ya hiari una haki ya kusema iondolewe. Vyakula kama tikka masala vilitengenezwa kwa ajili ya ulimi wa Mwingereza, si vibaya, ila mpishi mwenyewe hali hicho kwake. Anayetaka nyama choma ya maana arudi Fieldgate Street, nyuma ya Whitechapel Road, Tayyabs, Wapunjabi wa Pakistani, wapo tangu 1972. Agiza mbavu za kondoo, zinakuja zikilia kwenye chuma. Jioni za wikiendi foleni ni ndefu, nenda mchana.

Pita kiwanda cha zamani cha bia cha Truman, ambako siku hizi ni vibanda vya chakula cha dunia nzima, ghali kidogo, na ukuta mzima wa michoro. Endelea mbele, chini ya daraja la reli. Upande huo kuna maduka mawili ya beigel karibu kabisa, namba 155 na 159. La 159, Beigel Bake, halifungwi, saa 24.

Beigel ni mkate wa Wayahudi wa Ulaya Mashariki, wenye tundu katikati. Donge lake ni kavu kuliko la maandazi, likiumuka linatumbukizwa kwanza kwenye maji yanayochemka kwa muda mfupi, halafu ndio linaingia tanuri. Yale maji ya moto yanaivisha ngozi ya nje kabla ya moto, mkate haupati nafasi ya kufura, ndiyo maana unang'aa nje na kutafunika ndani. Ikipita siku moja unakuwa mgumu, ukikata na kuchoma unarudi. Wa nyama hutiwa kidari cha ng'ombe kilicholowekwa siku kadhaa kwenye maji ya chumvi na viungo, kikachemshwa kwa saa nyingi, kikakatwa vipande vinene mbele yako. Haradali ya Kiingereza haiwashi ulimi, inapanda puani; mwambie "kidogo". Ukifika kaunta uwe umeshaamua, watu wa pale hawana subira na mtu anayesoma menyu. Beba na pesa taslimu kidogo.

Waislamu, sikilizeni: mkate kuwa na asili ya Kiyahudi hakumaanishi nyama imechinjwa kwa sheria, wala ya kwao wala yetu. Chukueni wa samaki wa salmoni na jibini laini, au wa yai.

Simu. Ukirekodi, simama upande wa ukuta, si ukingoni mwa barabara. Vijana wa baiskeli za umeme wanaichomoa mkononi na hawageuki. Vyoo ni adimu: tumia vya maktaba ya Idea Store pale Whitechapel au vya soko la Spitalfields. Na ile mifuko ya rambo ya bluu mnayopewa sokoni, iacheni London. Kenya iliipiga marufuku 2017, Tanzania 2019, na mnaijua ile aibu ya begi kufunguliwa uwanja wa ndege.

Kutoka hapa kwenye beigel msirudi mlikotoka. Kituo cha Shoreditch High Street kiko dakika chache tu. Au, kama ni Jumapili na bado mna miguu, endeleeni kaskazini mpaka Columbia Road. Ikipita saa nane mchana wauza maua wanaanza kupaza sauti na kushusha bei.