Kabla Hujawapeleka Watoto Pwani Siku ya Iddi, Uliza: Mwezi Ngapi Leo?

Assalaam alaykum watu wangu, hamjambo? Mnaonitazama mkiwa Makorora, Chumbageni, Muheza, Pangani, na nyinyi wa Dar ambao kila mwaka mnaniandikia kwamba mnataka kuja Tanga na watoto, karibuni sana.

Leo siko Bristol, kule Uingereza ninakoishi. Ngoja nigeuze simu muone wenyewe... haya. Hii ni Raskazone, ufukwe wetu hapa Tanga. Kile kisiwa pale katikati ya ghuba ni Toten. Saa hizi ni saa nne asubuhi, leo ni mwezi nane Mfunguo Mosi, yaani siku ya nane tangu uandame mwezi wa Iddi Ndogo, maji yanajaa taratibu, hata huoni yakisogea. Na yule mnayemsikia akicheka ni shangazi yangu. Nitamrudia.

Nimetaja mwezi nane kwa makusudi. Video nzima ya leo ni juu ya hilo.

Kiangazi kilichopita sisi wanne, mimi, baba watoto na wanangu wawili, tulikwenda Newquay. Ni mji wa pwani huko Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza, na unajulikana kwa mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Ufukwe wao mkubwa unaitwa Fistral. Baridi ya maji yale siielezi, maana mtoto wa Tanga akitia mguu mle anautoa papo hapo. Lakini kuna kitu nilikiona pale kikanikaa kichwani mpaka leo. Kabla hujatandika hata taulo, unaziona bendera mbili za nyekundu na njano zimesimikwa mchangani. Kati ya hizo mbili ndipo pa kuogelea. Zile za miraba myeusi na myeupe ni za watu wenye mbao. Ikipandishwa nyekundu tupu, haingii mtu. Na kadiri maji yanavyojaa au kukupwa, vijana wa uokoaji wanazing'oa na kuzisimika mahali pengine, kwa sababu mkondo nao unahama. Wale vijana ni wa chama cha hisani kinachoitwa RNLI, kimekuwapo tangu mwaka 1824. Na aliyekuwa akinieleza yote haya alikuwa binti yangu wa miaka tisa. Mimi, niliyezaliwa Ngamiani, nilikuwa nafundishwa bahari na mtoto aliyezaliwa Bristol.

Nikakaa pale mchangani nikamkumbuka mjomba wangu wa Sahare. Mjomba ni mvuvi, na maisha yake yote sijamwona akitazama saa kabla ya kwenda baharini. Anauliza, "Mwezi ngapi leo?" Basi. Ukimjibu, anahesabu kwa vidole, anakwambia maji yatajaa saa ngapi na yatakupwa saa ngapi. Kumbe zile bendera sisi tunazo siku zote, ila ziko vidoleni mwa wazee.

Sasa nisikilizeni vizuri, hii ndiyo sababu nimeshika simu leo.

Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, maji ni bamvua. Yanajaa sana na yanakupwa sana. Pwani yetu hii tofauti ya juu na chini siku za bamvua inapita mita 3. Mwezi ukiwa nusu, kama leo mwezi nane, na tena kwenye ishirini na mbili, ishirini na tatu, ni maji mafu, yanapanda kidogo na kushuka kidogo. Hilo wengi mnalijua. Lakini mjomba alinifundisha jingine wiki iliyopita, tumekaa barazani kwake, kiganja chake kile kilichokatwakatwa na mishipi kiko mbele yangu. Alishika kidole cha mwisho akasema, "Mwezi mosi, maji yanajaa saa kumi, kumi na moja alasiri. Asubuhi saa nne, saa tano, yamekupwa." Akahamia kidole cha pili: "Kila siku sogeza mbele, saa moja kasoro kidogo." Na hapo hapo, kabla hajafika kidole cha tatu, mimi nikanyamaza.

Kwa sababu Iddi Ndogo ni lini? Ni mwezi mosi. Kila mwaka, iwe kaskazi iwe kusi, Iddi Ndogo inaangukia bamvua. Haiwezi kuwa vingine, maana tunaifungulia mwezi huo huo unaovuta maji. Na sisi siku ya Iddi tunafanyaje? Asubuhi sala, halafu kupeana mikono na kupita kwa ndugu, pilau mchana, tunapumzika kidogo. Watoto wanavalishwa, wanapewa sikukuu yao, tunashuka Raskazone saa tisa. Saa tisa ya mwezi mosi maji bado yanakuja kwa kasi. Bahari haijai kwa mwendo mmoja, jamani. Saa ya kwanza inaingia kidogo, saa ya tatu na ya nne ndiyo inapokimbia, kisha inapoa tena. Mtoto anaingia maji yakiwa magotini, anacheza, mama anageuka kununua mihogo na pweza, akirudisha macho maji yako kifuani.

Iddi Kubwa ni tofauti. Ile ni mwezi kumi Mfunguo Tatu, maji ndiyo kwanza yanatoka kwenye umafu, hayajapata nguvu, na alasiri yanakuwa yanarudi. Ufukwe ule ule, umati ule ule, lakini bahari mbili tofauti.

Nikiwa darasa la nne, Iddi Ndogo moja, mtoto wa mtaani kwetu alichukuliwa na maji. Nakumbuka viatu vyake vipya vilivyoachwa juu ya ukuta, vimepangwa sambamba, soksi zimekunjwa ndani. Watu wazima walisema ni kadari, na mimi kadari naiamini. Lakini hakuna hata mmoja aliyesema leo ni mwezi mosi. Baada ya hapo mama alinikataza bahari, na wasichana wengi wa rika langu walikatazwa vile vile. Nikakua, nikaolewa, nikasafiri, sijui hata kuelea. Nimejifunza nikiwa na miaka 34, kwenye bwawa la ndani Bristol, na nguo yangu ya stara, kwa sababu wanangu walikuwa wanajifunza. Kule Uingereza mtoto wa shule ya msingi anatakiwa amalize akiweza kuogelea angalau mita 25. Mita 25 tu. Kutoka ukutani hapa mpaka pale penye ngalawa ile.

Hebu niwape la furaha sasa. Maziwe, kile kisiwa cha mchanga cha upande wa Pangani.

Wangapi kati yenu mmeishi Tanga miaka yote na hamjafika Maziwe? Najua ni wengi, hata mimi nilikuwa mmoja wao. Tulikwenda Iddi tatu, yaani siku ya tatu ya Iddi, na siku hiyo aliichagua mjomba. Alisema mwezi tatu maji yanakupwa kabisa saa sita mchana, mtapata fungu zima. Tukatoka mjini alfajiri kwa barabara ya Pangani, tukapita Tongoni ambako kuna magofu ya msikiti na makaburi ya zamani yenye nguzo (mahali pale panahitaji video yake peke yake), tukavuka Mto Pangani, tukafika Ushongo. Saa tatu tukapanda boti. Nahodha hakukubali kuwasha mashine mpaka kila mtoto amefungwa jaketi okozi, na mimi nilimwombea dua kimoyomoyo.

Maziwe ni mchanga mtupu katikati ya bahari. Hapana mti, hapana kivuli wala maji ya kunywa, na choo hakuna. Beba mwavuli, beba maji mengi kuliko unavyodhani. Zamani kilikuwa kisiwa chenye miti, na kasa walikuwa wakitaga kwa wingi. Kilifanywa hifadhi mwaka 1975, lakini miti imekwisha na bahari imekila. Sasa maji yakijaa kinazama chote. Kasa bado wanakuja, maskini, wanataga mahali walipozoea, kwa hiyo mayai inabidi yahamishiwe Ushongo yasiharibiwe na maji. Ada ya kuingia hifadhini kwa mwananchi ni ndogo kuliko ya mgeni, kwa hiyo msiseme ni mahali pa Wazungu.

Kijana wangu wa miaka sita alikuwa ameokota kijiti cha mvinje kule Ushongo. Tulipofika akakichomeka pale pale ulimi wa maji ulipokuwa unaishia. Akaenda kucheza, akarudi: kijiti kiko mbali na maji, hatua kumi. Akacheka. Tukala chapati na samaki wa kukaanga, tukatazama matumbawe kwa miwani ya kuogelea, dada yake akamwonyesha samaki wa rangi ambao mimi sijui hata majina yao. Saa saba na nusu akarudi tena kwenye kijiti chake. Maji yalikuwa yamekifikia. Akakaa chini akakikodolea macho. Wimbi likaja, likazunguka kijiti, likachimba kishimo kidogo upande wa nyuma, likarudi na mchanga wake. La pili. La tatu kijiti kikainama. Akaniuliza kwa Kiswahili chake kile, "Mama, nani ameyaita maji?"

Nikamwambia, mwezi. Akatazama juu. Mchana, jua kali, hakuna mwezi. Lakini nilimwona anaamini.

Saa nane kasoro nahodha akatuita. Tulipogeuka kutazama tukiwa botini, fungu lilikuwa limebaki kama mkeka. Kisha kama kanga iliyotandikwa. Binti yangu hakusema neno mpaka tumefika Ushongo.

Wengine mtasema, dada, sisi hatuna waokoaji, hatuna bendera, unataka tufanye nini? Naomba mfanye machache. Ukitaka kuoga na watoto wadogo, njoo siku za maji mafu, kama leo. Iddi Ndogo ukitaka kuja, njoo, ni sikukuu yetu, lakini mtu mzima mmoja asiwe na kazi nyingine ila kutazama watoto. Asipige picha, asile, akichoka apokewe na mwingine. Ile mipira ya magari wanayokodisha watoto, asubuhi iogope zaidi, kwa sababu upepo wa umande unavuma kutoka bara na unaisukuma kwenda nje, na mtoto aliyelala juu yake hajui. Beba dumu la lita ishirini, tupu, limefungwa kifuniko vizuri, na kamba ndefu. Mtu akizidiwa usimrukie kama hujui kuogelea, mrushie dumu. Nyumba gani Tanga haina dumu?

Na wafundisheni watoto kuelea kabla ya kuogelea. Hilo ndilo wale RNLI wanalosisitiza: ukizidiwa usipigane na maji, lala chali, kichwa nyuma mpaka masikio yaingie majini, tandaza mikono, pumua. Nguvu zikirudi ndipo uite watu. Mjomba nilipomweleza akasema, "Sisi tunaita kulala juu ya maji, nani asiyejua?" Nikamwambia, mjomba, mimi nilikuwa sijui, na nimekua kwenye mikono yako. Akanyamaza muda mrefu. Kesho yake alfajiri alikuja nyumbani kuwachukua wanangu na watoto wa dada yangu, wote sita, wanne wasichana.

Sasa shangazi. Shangazi yangu ana miaka 61, amekaa Ngamiani umri wake wote, na baharini hajawahi kupita kifundo cha mguu. Maziwe hakwenda kwa sababu alikuwa anafunga sita zake, zile siku sita za baada ya Iddi Ndogo. Amemaliza jana. Jana usiku akaja chumbani kwangu akauliza kwa sauti ya chini kama anaomba siri, "Mwanangu, na mimi naweza kulala juu ya maji?" Nikamwambia kesho mwezi nane, maji yanajaa saa tano, yatakuwa yametulia. Twende.

Muoneni pale. Na dera lake la bluu, maji yako kiunoni. Mjomba amesimama upande wa nje, binti yangu ameshika kichwa chake kwa viganja viwili, anamwambia, "Bibi, tazama juu, usitazame miguu." Kila akiinua miguu anaogopa, anasimama, anacheka. Hii ni mara ya saba au ya nane.

Subirini. Subirini kidogo... miguu imepanda. Dera limefunguka lote juu ya maji. Binti yangu anaondoa mkono mmoja.

Naiweka simu hapa ukutani, ananiita.