Usisubiri Mpaka Aelewe: Kumsomea Mtoto Mchanga kwa Sauti

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine wote habari za saa hizi. Naona kina mama wengi na watoto mgongoni, kina baba mmejipanga kule nyuma karibu na mlango, sogeeni mbele jamani, haya maneno ni yenu pia na nitawafikia. Watoto wakilia waacheni walie, hapa hatoki mtu.

Kuna swali naulizwa kila nikizungumzia jambo hili: mwalimu, mtoto wa miezi minne namsomea ili iweje, wakati haelewi kitu? Ni swali la maana kabisa na ndo limenileta leo, kwasababu wengi tunasubiri, tunasema aanze kwanza chekechea, ajue a e i o u, ndo tumnunulie kitabu, hapo ana miaka minne au mitano na ile miaka ambayo masikio yake yalikuwa yanadaka kila kitu ishapita.

Sikilizeni hii. Mwaka 1986 watafiti wawili wa Marekani, Anthony DeCasper na Melanie Spence, walitoa majibu ya utafiti wao, waliwaomba wajawazito wasome hadithi moja kwa sauti kila siku, wiki sita za mwisho kabla ya kujifungua. Watoto walipozaliwa, wana siku chache tu, wakapewa chuchu ya bandia iliyounganishwa na mashine, mtoto akinyonya kwa mwendo fulani anasikia hadithi ile, akinyonya kwa mwendo mwingine anasikia hadithi ngeni. Wakabadilisha unyonyaji wao ili waisikie ile waliyoizoea, hata ikisomwa na mwanamke mwingine kabisa siyo mama yake. Yani mtoto hajafikisha hata arobaini, bado hajatolewa nje, na tayari anajua mapigo ya hadithi fulani.

Kwaiyo maana ya maneno haelewi, sawa, ila sauti anazijua. Na kati ya miezi 6 na 12 kuna kazi kubwa inafanyika kichwani, mtoto anazidi kuzishika sauti za lugha anayoisikia nyumbani na zile asizozisikia anaanza kuziacha. Sasa hapo ndo watu wanakimbilia tivii, wanasema basi namwekea katuni za Kiingereza, atajifunza mwenyewe. Hapana. Mtafiti Patricia Kuhl na wenzake kule Seattle, Marekani, walichukua watoto wa Kimarekani wa miezi 9, kundi moja likakaa na mtu anayeongea Kichina, anawasomea vitabu na kucheza nao, mara 12 tu, kundi jingine likaonyeshwa mambo yaleyale kwenye tivii. Majibu yalitoka 2003: waliokaa na mtu walizishika sauti za Kichina, wa tivii hawakupata kitu. Sauti ile ile, vitabu vile vile, kilichokosekana ni mtu anayemtazama mtoto machoni na kumjibu. Na WHO, Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 walisema wazi, chini ya mwaka mmoja mtoto asikalishwe kwenye skrini kabisa, na akiwa ametulia mahali basi asomewe na asimuliwe hadithi na mlezi wake.

Kwenye lugha naomba tuelewane vizuri maana inaniuma sana. Msomee kwa lugha unayoota nayo. Kama ni Kiswahili ni Kiswahili, kama nyumbani mnaongea Kisukuma au Kihehe fungua kitabu cha Kiswahili, angalia picha, eleza kwa Kihehe, hakuna polisi. Mama anayejilazimisha Kiingereza asichokijua anaishia kusema maneno machache makavu, "dogi", "kapu", basi, wakati kwa lugha yake angesema huyu mbwa amelala chini ya mwembe, amechoka, ulimi uko nje, anamsubiri nani? Mtoto anahitaji hizo sentensi ndefu. Hebu jisikilizeni kwa siku nzima tunaongea nini na watoto: njoo, kaa, acha, kula, vua, lala. Mamba ataingilia wapi hapo? Mtumbwi je, mnara, mawingu meusi, mzee mwenye mkongojo? Kitabu ndo kinavileta ndani, na vinakuja na upatanisho wake, yani namna maneno yanavyokubaliana, mti umeanguka, vikombe vimevunjika, anavisikia mara mia na hujamfundisha sarufi hata siku moja.

Sasa tufanye. Naomba mama yangu uliyevaa kitenge cha kijani uje na mtoto, asante. Ana miezi mingapi? Kumi na moja, vizuri. Mkalishe mapajani, mgongo wake kifuani kwako, kitabu mbele yenu wote. Huyu kuku. Usikimbilie kufungua ukurasa mwingine. "Kuku huyu hapa. Kuku anasemaje?" Halafu nyamaza, hesabu kimoyomoyo mpaka tano... mmeona? Ameupiga ukurasa kwa kiganja na ametoa sauti. Hilo ni jibu, na wewe mjibu, "ee, kuku! Kuku anakula mtama." Ndo kusoma kwenyewe huko, huna haja ya kumaliza kitabu. Wa miezi sita atakitia mdomoni, mwache, ndivyo anavyokichunguza. Wa mwaka na nusu atakuletea mwenyewe na kujikalisha kinyumenyume mapajani mwako. Wa miaka miwili ukisoma ukaacha neno la mwisho atalimalizia yeye.

Hela ya kitabu hakuna? Chukua boksi la sabuni, kata kurasa sita, bandika picha za kalenda ya mwaka jana kwa gundi ya uji wa ngano, toboa pembeni, shona kwa uzi wa gunia. Kwenye simu zipo hadithi za Kiswahili kwenye mtandao wa African Storybook, za bure, simu shika wewe na usome wewe. Na bibi asiyejua kusoma asijitoe, aseme paukwa, wajukuu waitike pakawa, afungue picha asimulie anachokiona, kazi ni ile ile.

Mwaka 1989 pale Boston madaktari wa watoto walianza kuwapa wazazi kitabu kila wakileta mtoto kliniki, mpango unaitwa Reach Out and Read na upo mpaka leo. Mimi natamani tufanye hivo hapa. Mtoto anakuja chanjo ya surua ya miezi 9, mama anakaa benchi muda mrefu anasubiri kuitwa, kwanini pasiwe na boksi la vitabu pale?

Haya maswali. Ndiyo baba... anasema anatoka kazini saa nne usiku, mtoto kashalala. Basi asubuhi, chai ikiwa jikoni, dakika kumi zinatosha kabisa baba yangu, kitabu kile kile kila siku hakina shida, wao wanapenda kurudiarudia na ndivyo neno linavyokaa. Jumapili ongeza. Na usione aibu kunguruma simba mbele ya majirani, nguruma. Mama pale, wa mapacha, nakusikiliza.