Taa kwenye Bastola ya Kiunoni

Mhadhara uliotolewa jijini Nairobi mbele ya wamiliki wa bastola wenye leseni

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Wengine wenu mmetoka mbali na foleni ya Thika Road jioni hii najua haikuwa na huruma.

Nimeombwa nijibu swali ambalo wengi mmekuwa mkiniuliza mmoja mmoja tukimaliza mazoezi: je, bastola ninayoibeba kiunoni, chini ya shati, niifunge taa? Sitawazungusha. Kwa raia wa Nairobi mwenye leseni na bastola moja, jibu langu ni hili: nunua kwanza tochi nzuri ya mkononi, ibebe kila siku, ujifunze kuitumia. Taa ya bastola ije baadaye, na kwa wengi wenu si lazima ije kabisa. Nitawaeleza sababu zangu, na pia nitawaeleza wanaonipinga wana haki wapi, maana wapo na hoja zao ni nzito.

Giza la kwetu tunalijua. Tunaishi karibu na ikweta, jua linazama kabla ya saa moja jioni mwaka mzima, na likishazama hakuna machweo marefu ya kukusindikiza nyumbani. Nusu ya maisha yetu ni usiku. Halafu kuna stima. Mnakumbuka usiku wa Agosti 25, 2023, umeme ulipokatika karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia gizani? Kwa hiyo anayesema raia hahitaji mwanga hajaishi hapa. Mwanga unahitajika. Tunachobishania ni mahali pa kuuweka.

Kazi ya kwanza ya mwanga ni kukuonyesha ni nani. Kumpofusha mtu na kumtisha ni mambo ya baadaye sana. Katika zile kanuni nne za usalama ambazo Jeff Cooper, mwalimu wa silaha wa Marekani, alizieneza, na ambazo kila mmoja wenu alizikariri kabla ya kugusa risasi, ya nne inasema ujue shabaha yako ni nini na nyuma yake kuna nini. Kanuni hiyo ndiyo inayovunjwa gizani.

Nitataja mifano miwili kutoka Afrika Kusini, kwa heshima, maana ni misiba ya watu. Mwaka 2004 Rudi Visagie, aliyewahi kuchezea timu ya taifa ya raga, aliamka alfajiri akaona gari la familia linaondoka nyumbani. Akadhani linaibwa, akapiga risasi. Aliyekuwa ndani ni binti yake wa miaka 19. Mwendesha mashtaka aliona baba huyo ameshaadhibiwa vya kutosha, kesi haikuendelea. Wa pili mnamjua: Februari 14, 2013, Oscar Pistorius alipiga risasi nne kupitia mlango wa choo uliofungwa, akamuua Reeva Steenkamp. Utetezi wake ulikuwa kwamba alidhani ni mwizi. Desemba 2015 Mahakama ya Rufaa ya nchi hiyo ilisema ni mauaji ya kukusudia. Sikilizeni vizuri: hakuna taa inayopenya mlango wa mbao. Kama humwoni mtu, humjui, na kama humjui, huna ruhusa.

Hapa kwetu, kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinaipeleka haki ya kujilinda kwenye misingi ya sheria ya kimila ya Uingereza. Kwa lugha ya nyumbani: korti itataka kujua kama ulikuwa na sababu ya kuamini uko hatarini, na kama nguvu uliyotumia ililingana na hatari yenyewe. Wakili wa upande wa pili atakuuliza swali moja dogo: ulimwona? Ukijibu uliona kivuli, umeanza vibaya.

Sasa tuje kwenye taa yenyewe. Imefungwa chini ya mtutu, kwa hiyo inaangaza pale mtutu unapoelekea, na hapo ndipo penye ugomvi wangu nayo. Hebu fikirini nyumba ya kawaida ya Nairobi, saa nane usiku, stima imepotea. Unasikia hatua koridoni. Ni nani? Huenda ni kijana wako amerudi kutoka Westlands na hakutaka kukuamsha. Au dada wa kazi ameenda kuchota maji kwa sababu mfereji umeanza kutoa. Au soja amesukuma mlango wa jikoni kwa sababu aliukuta wazi. Mwizi naye anaweza kuwa katika orodha hiyo, lakini ni mmoja kati ya wengi. Ukiwa na taa ya bastola peke yake, njia yako ya kumtambua mwanao ni kumwelekezea bastola yenye risasi chemba, yaani tayari kufyatuka. Kanuni ya pili ya Cooper inasema usikielekezee mtutu kitu usichokuwa tayari kukiangamiza. Tochi ya mkononi inauliza swali bila kutisha maisha ya mtu. Unaangaza, unaona, unaita jina, basi.

Wanaonipinga watasema: mwalimu, hatuelekezi mtutu kifuani, tunauelekeza sakafuni, na mwanga unaoruka kutoka sakafuni unatosha. Ni kweli. Taa ndogo za kisasa kama Streamlight TLR-7 zinatoa lumeni 500 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga), SureFire X300 inatoa 1000. Katika korido yenye vigae vyeupe na kuta za rangi ya mafuta, mwanga huo ukipiga chini unajaza chumba kizima, uso wa mtu unauona bila kumwelekezea kitu. Nimelijaribu hilo na linafanya kazi. Lakini jiulizeni ni mangapi yanatakiwa yaende sawa. Umeamshwa usingizini, moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, na mazoea ya binadamu yeyote ni kupeleka mwanga pale macho yanapotaka kuona. Aliyefanya zoezi hilo mara nyingi, gizani, kwa bastola ya plastiki ya mazoezi, atainua macho na kuuacha mtutu chini. Aliyenunua taa, akaifunga, akaridhika, atauinua. Nimeona watu wazoefu wakiuinua.

(Mama aliyeketi mbele anauliza: na kama nimembeba mtoto?)

Mama, hilo ndilo swali bora kuliko yote, na hapo ndipo wanaonipinga wananishinda. Taa iliyo kwenye bastola inakuachia mkono mmoja huru. Mkono huo unambeba mtoto, unafungua kitasa, unapiga 999 au 112. Ukiwa na tochi mkono mmoja na bastola mkono wa pili, mikono imekwisha. Tazameni hapa, nimeshika bastola ya mazoezi, ile ya buluu. Mtindo wa Harries ni huu: mkono wa tochi unapita chini ya mkono wa bastola, migongo ya viganja inasukumana, vifundo vinakazana. Unashikilia vizuri, lakini baada ya dakika moja bega linaanza kulalamika. Mtindo mwingine ni kuweka tochi hapa, chini ya sikio, kando ya taya, mkono wa bastola ukinyooka peke yake. Huu ni mwepesi zaidi, na mwanga unafuata macho yako, ila utapiga kwa mkono mmoja, na wengi wenu hamjawahi kufanya mazoezi ya mkono mmoja zaidi ya magazini moja. Yote mawili yana gharama. Kwa hiyo mama mwenye watoto wadogo, chumba chao kikiwa upande wa pili wa korido, akiniambia ameamua kufunga taa na yuko tayari kufanya mazoezi, nitamsaidia kuichagua. Lakini na tochi ataibeba. Taa ya bastola haiwezi kuwa mwanga wako wa pekee.

Tuhame nyumbani, twende nje, maana hoja ya kubeba kiunoni ni ya nje. Kisa cha Nairobi mnakijua: umefika kwako usiku, umepiga honi, unangoja geti lifunguliwe, na watu wawili wanatokea kando ya gari. Taa za gari zinawaka. Taa ya geti inawaka. Mtu yuko dirishani, umbali wa mkono, na unamwona wazi kabisa. Hapo taa ya bastola itakusaidia nini? Muda ni sekunde mbili tatu. Uhalifu mwingi unaomkuta raia unafika karibu kabla haujajulikana, na mahali ambapo mhalifu mwenyewe anaona anachofanya. Polisi anaingia ndani ya jengo lenye giza kumtafuta mtu, hiyo ni kazi yake, na taa kwenye silaha yake ina maana kamili. Wewe kazi yako ni kuondoka. Tochi mkononi, dakika tatu kabla, unapotembea kuelekea gari kwenye maegesho ya chini ya jengo, ingekuonyesha yule aliyejibanza nyuma ya nguzo, ukageuka ukarudi kwa walinzi. Bastola huwezi kuitoa dukani au kwenye maegesho kutafutia funguo zilizoanguka. Tochi unaitoa wakati wowote na hakuna anayeshtuka.

Kuna jambo ambalo vitabu vya Marekani havilizungumzii kwa sababu haliwahusu. Kule mtu ana bastola ya kubeba na nyingine ya kando ya kitanda, hii ina taa, ile haina. Hapa wengi wenu mna moja. Basi mtu anasema: mchana naivua taa, usiku naifunga. Tafadhali msifanye hivyo. Kuifunga taa kwenye reli, ile mifereji iliyo chini ya bastola ya kushikia taa, kunataka vidole mbele ya mtutu au kando yake kabisa, na bastola ikiwa na risasi, kila jioni unacheza na kiganja chako. Ili kufanya salama utatoa magazini, utatoa risasi chemba, utakagua, utafunga, utarudisha. Kila siku, umechoka, watoto wanaita. Siku moja utaruka hatua moja. Ukiamua kufunga taa, ifunge ikae, na ununue holsta, yaani ala ya kubebea bastola, iliyotengenezwa kwa bastola hiyo pamoja na taa hiyo hiyo. Holsta za aina hii hushika taa yenyewe, kwa hiyo mdomo wake huwa mpana na karibu na kifyatulio hubaki nafasi. Ikague nafasi hiyo. Kidole kikiweza kuingia na kugusa kifyatulio bastola ikiwa ndani ya holsta, hiyo si holsta. Wengine wenu hamna hata reli: Glock 26 haina, Glock 43 haina, Ceska 75 nyingi za zamani hazina. Kwenu mjadala umekwisha, nendeni mkanunue tochi.

Uzito si tatizo kubwa, TLR-7 ni kama gramu 70. Kutuna chini ya shati si tatizo kama watu wanavyodai. Kinachonitia hofu ni swichi. Mwaka 2010 huko Plano, Texas, afisa wa polisi alimuua mtuhumiwa, na maelezo yake yalikuwa kwamba alikusudia kuwasha taa. Bastola yake ilikuwa na swichi ya kubinya, imefungwa mbele ya mpini, chini kidogo ya kifyatulio. Vidole vya mkono mmoja, ukiwa na hofu, havitii amri kimoja kimoja. Ukikaza kimoja, jirani yake naye anakaza. Kwa hiyo swichi ya mpini msiiguse kabisa. Taa iwashwe kwa kidole gumba cha mkono wa pili, na kidole cha shahada kikae juu ya fremu, yaani mwili wa bastola, nje ya kifyatulio, mpaka umeamua.

Kabla hamjaagiza chochote cha kuunga kwenye silaha kutoka nje ya nchi, iandikieni Bodi ya Leseni za Silaha na mngoje jibu la maandishi. Msitegemee neno la muuzaji. Leseni hiyo mliisubiri kwa muda mrefu, mkapigwa msasa, mkapewa kadi. Haifai kuiweka hatarini forodhani kwa ajili ya taa.

(Kijana nyuma anauliza: tochi gani basi?)

Ndogo ya kuingia mfukoni, yenye swichi ya nyuma kwenye mkia, unayoibinya inawaka na ukiachia inazima. Lumeni 500 zinatosha. Macho huchukua dakika 20 hadi 30 kulizoea giza, na ukiwasha mwanga mkali chumbani unayapoteza yote mara moja, kwa hiyo zoea kuwasha kwa ufupi, uone, uzime, usogee. Wanaoishi Limuru wajue kwamba ukungu wa Julai unarudisha mwanga machoni. Huko ukali wa mwale una maana kuliko jumla ya lumeni. Kuhusu betri, za aina ya CR123A hukaa miaka mingi dukani lakini huku hazipatikani kila kona, kwa hiyo inayochajiwa kwa waya wa simu ni afadhali. Ichaji Jumapili jioni. Na ibebe mfuko wa upande usio wa bastola, maana mkono huo ndio utakaoitoa. Nani mwingine ana swali?