Pima kwanza ndo ununue: workstation za zamani na programu za kupimia

Haya jamani habari za mchana, mliokaa nyuma sogeeni mbele maana skrini yenyewe ndogo na feni la hii mashine linanizidi sauti. Nimeombwa niongelee kupima workstation za zamani, yaani kompyuta za mezani za kazi nzito, hizi Dell Precision na HP Z400 zinazokuja used na kuishia kwenye steshenari na studio zetu hapa Tabora.

Tabia yetu tunaijuana. Mteja kaleta mashine inajizima, fundi hajauliza hata imeanza lini, anapiga Windows upya. Ikirudi anabadilisha RAM, ikirudi tena anasema mazabodi imekufa, hela ya mtu imeshaenda na ugonjwa haujulikani. Mi nasema pima kwanza, halafu RAM, ile memori ya kompyuta ikiwa kazini, uipime nje ya Windows, maana Windows ikishawaka yenyewe imekalia sehemu ya hiyo RAM na pale imekaa huwezi kupima.

Kabla ya programu, sikiliza. Z400 isipoleta picha hesabu milio na taa nyekundu: 2 ni joto la prosesa, 4 ni pawa saplai, 5 ni RAM, 6 ni kadi ya grafiki. Ikiwa 2, na vumbi letu la kiangazi hili, we fungua kava upulize kwanza, hamna cha programu hapo. Dell nyingi unabonyeza F12 wakati inawaka unachagua Diagnostics, zinajipima zenyewe.

RAM tumia Memtest86+, ni ya bure, unaiweka kwenye flashi una-boot nayo, yaani mashine inawaka kutoka kwenye flashi badala ya Windows. Iache imalize raundi nzima, na mashine ya GB 16 au 24 inakula masaa kwahiyo iwashe jioni ukifunga ofisi na iwe kwenye UPS, umeme ukikata usiku unaanza sifuri. Ikileta mstari mwekundu wa kosa hata mmoja usiseme "ni mmoja tu", RAM isiyo na ubovu haina hata mmoja. Chomoa zote, pima kijiti kimoja kimoja, kile kibovu kihamishie sloti nyingine, maana kuna wakati kosa linabaki kwenye sloti na kijiti hakina shida kabisa.

Sasa hapa ndo workstation inapotofautiana na desktop ya kawaida. Nyingi zina RAM za ECC, zile za kusahihisha makosa, kishike kijiti uhesabu chipu za upande mmoja, mara nyingi utakuta 9 badala ya 8. Hiyo ya ziada ndo inamwezesha kontrola, msimamizi wa RAM, kusahihisha kosa la biti 1 kimyakimya, biti 2 inaligundua ila hailisahihishi na mara nyingi mashine inaganda. Maana yake Memtest inaweza kukuandikia sifuri huku RAM inaoza taratibu. Boot Linux kwa flashi ucheki kaunta za EDAC, sehemu ya Linux inayohesabu makosa ya RAM, ile ya CE, yaani yaliyosahihishwa, ikiwa inapanda, makosa yapo, yanazibwa tu.

Diski, CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski, inatosha, lakini msiishie kwenye rangi ya bluu na neno Good jamani! Shukeni chini kwenye namba. 05 ni sekta, vipande vya diski, zilizoharibika zikahamishwa, C5 ni zinazosubiri, na hiyo C5 ikiongezeka kila ukicheki hamisha data ya mteja leo leo. Zile namba inaziandika kwa heksa, hesabu ya kumi na sita badala ya kumi, ukiona 10 ujue ni 16. Na C7, makosa ya data ikiwa njiani, ikipanda, mara nyingi ni kebo ya sata inayounga diski na mazabodi, kuna diski zisizo na ubovu zinatupwa huku mtaani kwa ajili ya kebo. Seagate ikionyesha namba ndefu pale 01, makosa ya kusoma, usishtuke, ndo zake.

Saa ikirudi nyuma kila ukizima, ni ile betri ndogo ya mviringo ya mazabodi, CR2032, badilisha, mteja atakwambia "intaneti haifungui" kumbe tarehe imekosea, tovuti zinakataa.

Ndiyo kaka, hapo dirishani... anauliza vyote vikipita na bado inajizima? Chukua mita, pima laini ya volti 12 mashine ikiwa kazini, siyo ikiwa imekaa tu. Inatakiwa iwe kati ya 11.4 na 12.6, ikishuka chini ya hapo ukiipa kazi nzito basi tafuta pawa saplai, RAM za watu ziache. Haya, nani ana flashi ya GB 2 tuwashe hii ya hapa mezani, nayo inajizima.