Nikijisifu Mnanicheka, Nisipojisifu Sipati Kazi

Ndugu zangu watazamaji, swali lile limekuja tena, na safari hii limetoka kwa binamu yangu wa Bukoba: mbona tangu niende Uingereza ninajisifu sana? Nikisema nilifaulu mtihani wa vitendo wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, ninaambiwa ninaringa. Nikisema kwamba niliulipia mwenyewe pauni 794, kwa kuwa sikuletwa na mwajiri, ninaambiwa ninalalamika ilhali nimeshafika.

Ombi la kazi ya uuguzi hapa lina sehemu ambayo mwombaji hueleza, kigezo baada ya kigezo, kwa nini yeye ndiye anayefaa, na asiyejieleza haitwi kwenye usaili hata akiwa na vyeti vya kujaza sanduku. Mimi nililelewa nikiambiwa kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, kwa hiyo niliandika mistari minne ya adabu. Maombi matano yakakataliwa. La sita nikaitwa, nikaulizwa nimewahi kumsaidiaje mgonjwa aliyezidiwa ghafla, nami nikasimulia jinsi tulivyomwekea oksijeni, tulivyompigia daktari simu na tulivyokesha naye. Jibu lilikuja kwamba mchango wangu binafsi haukuonekana. Ile "tu" niliyoitanguliza katika kila kitenzi ilikuwa heshima, kwa maana usiku ule wodini nilikuwa peke yangu, na daktari alifika alfajiri.

Kinachoniuma zaidi ni kutupiwa neno "nshomile", yaani "nimesoma" kwa Kihaya chetu, kana kwamba majivuno ni maradhi ya Wahaya. Babu yangu alikuwa akitoa kivugo harusini, mkuki mkononi, akitaja jina lake na matendo yake mbele ya watu wazima waliomfahamu tangu ujana, ambao wangemzomea papo hapo kama angetia chumvi, na sikumsikia mtu akisema mzee anaringa. Nilipoandika ombi la saba nilimkumbuka yeye, nikataja wodi, mwaka, nilichokifanya kwa mikono yangu na msimamizi anayeweza kulithibitisha hilo. Kazi nikapata.

Hayo yamenikuta mimi; huenda mwenzangu aliajiriwa kwa mistari minne tu, kwa hiyo msije mkanilaumu. Jioni kabla ya kulituma ombi hilo nilimsomea mama kwenye simu, nikilitafsiri neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza ni nani huyo ninayemwombea kazi.